Nchi Iliyopangwa kwa Amri

Desemba 1955 Sultani Said bin Taimur alitoka Salalah na msafara wa malori, akakata jangwa, akaingia Nizwa. Hakuna sultani wa nasaba yake aliyewahi kusafiri njia ile kwa gari. Jeshi lake lilikuwa limeshaushika mji siku chache kabla, na risasi zilizolia hazikuwa nyingi. Imamu Ghalib bin Ali al-Hinai alikuwa amejiuzulu na kurudi kijijini kwao. Mashekhe wakaja kumpa Sultani mkono, akiwemo Suleiman bin Himyar, aliyejihesabu bwana wa Jabal al-Akhdar, na Ahmed bin Mohammed al-Harthi wa Sharqiyah. Katika siku hizo dola mbili zikawa moja.

Zilikuwa mbili kwa sababu tangu 1913 Oman ya bara ilikuwa na mtawala wake. Sultani aliketi Muscat na Waingereza wake, Imamu akaketi Nizwa na wanazuoni wake. Imamu hakurithi cheo. Alichaguliwa na maulamaa na wakuu wa makabila, akapewa baia, yaani kiapo cha utii, na akipotoka angeweza kuondolewa. Aliyeufufua utaratibu huo alikuwa mwanachuoni kipofu, Nur al-Din al-Salimi, aliyefundisha Sharqiyah chini ya ulinzi wa mashekhe wa al-Harthi. Kwa juhudi zake Salim bin Rashid al-Kharusi alipewa baia Tanuf, karibu na Nizwa, na mwaka 1915 watu wa Imamu huyo waliiendea Muscat yenyewe, wakarudishwa nyuma na askari wa Kihindi waliowekwa hapo na Uingereza. Imamu Salim aliuawa 1920. Septemba mwaka huohuo mkataba wa Seeb ukakata shauri: Sultani abaki na pwani, watu wa bara wajiendeshee mambo yao. Imamu aliyefuata, Muhammad bin Abdullah al-Khalili, alitawala hadi alipofariki 1954.

Isidhaniwe kwamba bara ilikuwa pepo. Tumbaku ilikatazwa, shule ilikuwa msikiti, na mgonjwa aliyeshindikana nyumbani alikuwa ameshindikana. Lakini mtawala alikuwa karibu, na kulikuwa na watu wenye haki ya kumuuliza.

Mfano wa nchi iliyopangwa kwa amri uko mbali: anayesoma habari za Urusi hawezi kumkwepa Peter Mkuu, aliyewanyoa mabwana zake ndevu na kuwatoza kodi waliozishikilia, kisha mwaka 1703 akaanza kujenga mji mkuu mpya juu ya kinamasi. Habari za ndevu ni za kuchekesha wageni. Lenye uzito ni jedwali la vyeo la mwaka 1722: ngazi 14 za utumishi, za jeshi, za ofisi na za ikulu, ambazo mtu asiye na ukoo angeweza kuzipanda hadi akahesabiwa miongoni mwa watukufu. Mfalme anayetaka kuigeuza nchi kwa haraka huwa hana imani na wenye nchi. Hutafuta watu wanaoijua kazi na wasio na pa kusimama ila kwake. Peter aliwapata Waholanzi, Wajerumani na Waskoti. Masultani wa Oman nao walikuwa na watu wa namna hiyo kila zama, na waliokuja kufanya kazi kubwa kuliko wote walitoka mahali ambapo msomaji wa Kiswahili anapajua vizuri.

Tuanze na Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 hadi alipofia baharini 1856. Huyu alihamishia makao yake Unguja na kuiacha bara ya Oman mikononi mwa makabila yake. Forodha, ambayo ndiyo iliyokuwa hazina, alimkodisha Mbaniani, Jairam Shivji na nyumba yake ya biashara. Inasimuliwa kwamba aliamuru kila penye mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu, na asiyetii anyang'anywe shamba. Iwe ndivyo ilivyokuwa au hadithi imeongezwa chumvi, katika muda wa kizazi kimoja Unguja na Pemba ziligeuka mashamba, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa waliotolewa bara ya Afrika. Usasa wa kwanza wa nasaba hii ulijengwa juu ya migongo hiyo.

Faida ilirudi Oman na msimu. Huko Ibra, katika mitaa ya al-Munisifeh na al-Qanatir, bado zimesimama kuta za majumba ya ghorofa, yenye matao na madirisha marefu, yaliyojengwa na jamaa za al-Harthi na wenzao waliofanya biashara Afrika ya Mashariki. Majumba hayo ni makubwa kuliko yanavyoweza kuelezwa na mitende iliyoyazunguka. Mwenye nyumba alikuwa na shamba Unguja, mdeni Tabora na binamu Bagamoyo.

Na wenye fedha zao hawakuwa watiifu. Mwaka 1859 al-Harthi wa Unguja walimuunga mkono Barghash dhidi ya kaka yake, Sultani Majid. Waingereza waliingilia kati, Barghash akahamishiwa Bombay. Miaka miwili baadaye Lord Canning, gavana mkuu wa India, aliamua kwamba Unguja na Muscat zigawanywe, Unguja iulipe upande wa Muscat reale 40,000 kila mwaka. Uamuzi ulitolewa Aprili 1861. Mwezi mmoja kabla yake, huko St. Petersburg, Alexander wa Pili alikuwa ametangaza amri ya kuwaachia huru wakulima waliofungwa na ardhi ya mabwana zao. Mfalme mmoja aliweza kubadili hali ya mamilioni kwa saini yake. Dola ya mwingine iligawanywa na mgeni kama shamba la marehemu.

Barghash alirudi na kutawala Unguja tangu 1870 hadi 1888. Alivuta maji ya bomba hadi mjini, akanunua meli za mvuke, akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Jambo linalotajwa mara chache zaidi ni mashine yake ya kuchapa, iliyotoa vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi vya wanazuoni wa Oman wakati Nizwa bado ilikuwa ikinakili kwa mkono.

Sur lazima itajwe hapa, maana bila majahazi yake habari hizi zote zisingevuka maji. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na vingi viliundwa kwenye hori ya Sur. Manahodha wake walishuka na kaskazi wakiwa na tende, chumvi na papa mkavu, wakapanda na kusi wakiwa wamesheheni boriti. Wengine walichukua watumwa pia, na manowari za Kiingereza zilipoanza kupekua vyombo, manahodha wa Sur waligundua dawa: bendera ya Ufaransa. Chombo chenye bendera hiyo Mwingereza hakukigusa. Sultani wa Muscat alijikuta ana raia wasiotii amri zake bandarini mwake mwenyewe. Kesi ilifika The Hague, na Agosti 1905 mahakama ya usuluhishi ikabana idadi ya vyombo vyenye haki ya bendera ile. Mahakama yenyewe ilitokana na mkutano wa amani wa mwaka 1899, ulioitishwa na Nicholas wa Pili wa Urusi. Kwa hiyo manahodha wa Sur walihukumiwa katika baraza lililozaliwa kwa wito wa mfalme wa Urusi, ambaye nyumbani kwake mwaka huohuo wa 1905 raia walikuwa wanamdai bunge.

Turudi kwa Said bin Taimur. Alishika utawala mwaka 1932 akikuta hazina imejaa madeni, na kuyalipa madeni hayo kulimfundisha kubana mkono kiasi kwamba hakuweza tena kuufungua. Huyu ndiye mfano wa kuwakumbusha wanaodhani kwamba mfalme mwenye mamlaka yote lazima alete maendeleo. Mamlaka alikuwa nayo. Mwaka 1957 Imamu Ghalib, ndugu yake Talib na Suleiman bin Himyar waliasi. Kina al-Harthi waligawanyika, wengine kwa Imamu, wengine kwa Sultani. Ndege za Uingereza ziliipiga ngome ya Nizwa kwa makombora, na Tanuf, pale ilipotolewa baia ya 1913, ikabomolewa. Magofu yake ya udongo yapo hadi leo. Januari 1959 makomando wa Kiingereza walipanda Jabal al-Akhdar usiku na vita vikaisha. Imamu akakimbilia Saudi Arabia, na mjadala wake ukahamia Umoja wa Mataifa.

Baada ya ushindi huo mtu angetarajia shule Nizwa, daktari Ibra, barabara ya Sur. Said alikuwa tayari amejifungia Salalah tangu 1958, wala hakurudi Muscat. Ilipofika 1970 nchi nzima ilikuwa na shule tatu za serikali, zenye wanafunzi 900 hivi, wote wavulana, na lami ya kilomita 10 hivi. Malango ya Muscat yalifungwa saa tatu baada ya magharibi, na aliyetembea usiku alitakiwa kushika fanusi. Mafuta yalipatikana Fahud 1964 na kuanza kuuzwa nje 1967, lakini fedha zilikwenda polepole mno. Hofu yake haikuwa ya kijinga. Alijua kwamba kijana akisoma ataanza kuuliza. Peter alijua hivyohivyo akaamua kumsomesha na kumwajiri kabla hajauliza.

Kijana wa Ibra aliyetaka kusoma aliondoka, mara nyingi bila ruhusa, kwenda Bahrain, Kuwait au Cairo. Na wapo waliokuwa wanasoma bila hata kuijua Oman. Unguja, Pemba na miji ya bara ya Tanganyika ilikuwa na vizazi vya Waomani waliopitia shule za serikali, wanaume kwa wanawake, wanaojua Kiingereza, hesabu za ofisi, mashine za chapa na kazi za hospitali. Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Wengi waliuawa, wengi wakatoroka. Said bin Taimur hakuwa na hamu ya kuwapokea watu waliosoma na walioonja siasa za vyama. Baadhi waliishia Dubai, wengine Cairo na London. Wapo waliokuwa wamekwisha kwenda kusoma Ulaya ya Mashariki na Urusi yenyewe, kwa nafasi zilizotolewa enzi za harakati za uhuru.

Tarehe 23 Julai 1970, katika jumba la Salalah, Said aliondolewa na mwanawe Qaboos kwa msaada wa Waingereza. Alijeruhiwa, akatia saini, akapelekwa London, akafia huko 1972. Qaboos alikuwa na umri wa miaka 29. Alisomea uafisa Sandhurst, kisha akakalishwa Salalah na baba yake miaka kadhaa bila kazi. Alibadili jina la nchi, ambalo lilikuwa Muscat na Oman, likawa Usultani wa Oman, na kwa jina hilo akafuta mpaka wa Seeb. Aliwaita Waomani wote walioko nje warudi.

Waliorudi kutoka Afrika ya Mashariki walikuja kwa maelfu. Hawa ndio waliokuwa Waholanzi wa Qaboos, kwa tofauti moja kubwa: walikuwa jamaa. Walijua Kiingereza ambacho kampuni ya mafuta na washauri wa Sultani walikitumia. Walijaza benki, polisi, wizara, shule na hospitali. Wanawake wao walikaa ofisini mwaka ambao shule ya kwanza ya serikali ya wasichana ndiyo kwanza imefunguliwa. Kiarabu chao kilichekwa na watu wa bara, ambao wenyewe walikuwa hawajapata kusoma. Na, jambo ambalo mtawala yeyote mpya angelithamini, hawakuwa na mlima wa kukimbilia wala kabila lililowazunguka na bunduki. Mtu aliyezaliwa Ng'ambo au Tabora hakuweza kuasi Nizwa. Mshahara wake, nyumba yake na pasipoti yake vyote vilitoka kwa mkono mmoja.

Pasipoti ina kisa chake. Ili apate uraia, mrejeaji alihitaji ushahidi wa shekhe kwamba ukoo wake ni wa kabila fulani. Mhasibu aliyeondoka Unguja na mkoba mmoja alilazimika kufunga safari hadi Ibra au Mudhairib, kumtafuta mzee asiyemjua, akaeleze babu yake alikuwa nani na alipanda jahazi la nani. Dola mpya, iliyotaka kuwapunguzia mashekhe nguvu, iliwapa kazi ya ulinzi wa mlango. Majina ya makabila ambayo Unguja yalikuwa yameanza kusahauliwa yaliandikwa kwenye vitambulisho, na yakarithiwa upya.

Mashekhe wenyewe hawakupigwa vita. Walilipwa. Maliwali waliletwa kutoka Muscat au kutoka wilaya nyingine, ugomvi wa mpaka na damu ukapelekwa wizarani, na shekhe akabaki mtu wa kuthibitisha ukoo, kupokea wageni na kupata zabuni ya ujenzi. Kila mwaka Sultani alitembea na msafara wake, akapiga mahema, Seih al-Barakat karibu na Manah pakiwa mahali pake mashuhuri, na watu wakapeleka haja zao. Barabara zilipatikana hivyo, na zahanati, na msamaha wa deni. Mimi sioni aibu kusema kwamba ilifanya kazi. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulipopima maendeleo ya watu tangu 1970 katika nchi 135, Oman ndiyo iliyokuwa imepiga hatua kubwa kuliko zote. Bibi wa Izki aliyezaa watoto wanane na kuzika watatu hahitaji takwimu hiyo.

Lakini tazama mifereji. Oman ya bara iliishi kwa aflaj, maji yanayotolewa chini ya mlima kwa handaki na kugawanywa kwa zamu. Falaj Daris ya Nizwa, Falaj al-Malki ya Izki na Falaj al-Jeela ya Sur zimo katika urithi wa dunia tangu 2006. Kila falaj ilikuwa na wakili wake, daftari lake, zamu zilizopimwa kwa jua mchana na kwa nyota usiku, hisa zilizouzwa, kukodishwa na kuwekwa wakfu. Kwa kawaida zamu hizo hazikugawanywa na imamu wala sultani. Baada ya 1970 zikaja pampu. Mwenye fedha alichimba kisima, maji ya chini yakashuka, mifereji mingine ikakauka, na ikabidi serikali ichukue usimamizi wa visima. Kazi ya wanakijiji ikawa faili wizarani. Vijana wao wakati huo walikuwa Muscat, jeshini au ofisini, wakirudi mwisho wa wiki kwa barabara mpya.

Ndani ya nasaba yenyewe alikuwapo mtu aliyetaka njia nyingine. Tariq bin Taimur, ami yake Qaboos, alikuwa waziri mkuu wa kwanza, na alitaka katiba iwekwe mapema. Alijiuzulu mwisho wa 1971. Sultani akabaki waziri mkuu, waziri wa ulinzi, wa fedha na wa mambo ya nje. Baraza la ushauri lilikuja 1981, Majlis al-Shura 1991, sheria ya msingi 1996, na haki ya kupiga kura kwa wote 2003. Kila moja ilitolewa kwa amri, kwa wakati aliouchagua mwenye kutoa.

Baada ya hapo nchi ilikohoa mara mbili. Mwaka 2005 watu 31, wengi wao wasomi wa Kiibadhi, walihukumiwa kwa madai ya kutaka kurudisha uimamu, na wiki chache baadaye wakasamehewa. Mwaka 2011 vijana waliandamana Sohar, na Sur nayo ikawa na mahema yake. Hawakudai imamu, walidai kazi na kuondolewa mawaziri wala rushwa. Sultani alijibu kwa nafasi 50,000 za kazi na posho ya riali 150 kwa wasio na ajira. Waandamanaji walipata walichotaka kwa njia ileile ambayo babu zao walipata zahanati, na hapo ndipo naona udhaifu wa mtindo huu wote: hata malalamiko yanageuka kuwa haja iliyopelekwa hemani.

Qaboos alifariki Januari 2020, bila mtoto. Jamaa walifungua barua aliyoiacha, na jina lililoandikwa lilikuwa Haitham bin Tariq, mwana wa yule Tariq aliyejiuzulu 1971. Septemba mwaka huo Haitham alimruhusu Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Unguja, aliyekuwa Uingereza tangu 1964, kuhamia Muscat, ruhusa ambayo Qaboos, aliyewapokea maelfu ya raia wake wa zamani, hakuitoa. Mei 2021, muda mfupi baada ya bei na kodi kupanda, vijana waliandamana tena, na zikatangazwa nafasi mpya 32,000.

Kabla ya hapo, Januari 2021, Haitham alikuwa ametoa sheria mpya ya msingi. Baba yake alitaka katiba ya kumbana Sultani. Hii inaeleza Sultani ajaye atapatikanaje. Utawala unatoka kwa Sultani kwenda kwa mwanawe mkubwa, na Theyazin bin Haitham akawa mrithi wa kwanza kuwekwa na sheria kabla ya siku yake. Sheria hiyo ilichapishwa katika gazeti la serikali na kuanza kutumika nchi nzima, pamoja na Nizwa, ambako miaka 66 tu kabla yake maulamaa walikuwa wamekutana kumchagua Ghalib bin Ali.